Mwea: Makapi Rahisi, Chuma Ghali

Mjini Wang'uru na katika masoko ya jirani, ambako mpunga wa pishori wa Mwea hukaushwa na kukobolewa, biashara ya kuunda majiko na tanuri za kuchoma makapi ya mpunga kwa mabati, mapipa na vyuma chakavu hutegemea kitu kisichoonekana kwa urahisi, yaani tabaka jembamba la metali linalokinga chuma kisiliwe na hewa ya moto. Kuliwa huko, kunakoitwa oksidisheni, ni chuma kuungana na oksijeni, nako huongezeka kasi joto linapozidi nyuzi 570 hivi za Selsiasi. Dalili yake ni magamba meusi yanayobanduka kila jiko linapopoa, yakiacha chuma kipya wazi kiliwe tena.

Afisa mmoja aliyeomba asitajwe jina hushikilia kwamba nishati ya makapi ni karibu ya bure, kwa kuwa katika kila kilo 100 za mpunga takriban kilo 20 ni makapi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini imeacha nje bei ya chuma kinachoteketea, na imesahau kwamba makapi yana potasiamu na klorini, ambazo mvuke wake huvunja tabaka la kinga na kuharakisha uharibifu.

Fundi mmoja wa jua kali, ambaye malalamiko yake yanawiana na hali halisi ya soko, anaeleza kwamba bati huuzwa kwa geji, ambayo ni kipimo cha unene tu, bila muuzaji kusema limepakwa nini wala kwa kiasi gani. Jiko likitoboka, mteja humrudia fundi, na hakuna anayemuuliza aliyeuza bati. Tena ni fundi huyo anayevuta moshi mweupe wa zinki iliyopakwa kwenye bati anapolichomelea, kisha usiku akatetemeka kwa homa ambayo mafundi wengi wameizoea kana kwamba ni sehemu ya kazi.

Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419, na mabati yaliyopakwa zinki hayafai kukaa muda mrefu katika joto linalozidi nyuzi 200 hivi. Mahali pake ni paani. Bati lililopakwa alumini hustahimili hata zaidi ya nyuzi 600, kwa sababu alumini hupenya ndani ya chuma na kujenga juu yake oksidi ngumu isiyopitisha hewa kwa urahisi. Chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, hudumu pia, ingawa bei yake huwashinda wengi.

Huenda biashara hii ikakua kuni zikizidi kuadimika, lakini ahadi za nishati rahisi hazijaonyesha nani atalipia chuma bora. Kwa sasa kinga iliyo karibu na mfuko wa mkulima ni udongo wa kufinyanga unaotenga moto na chuma. Anayenunua jiko na aulize kwanza bati lake limepakwa nini, na asipojibiwa, asilipe.