Cheo cha Mwalimu Si Rungu

Wahenga walisema ukubwa ni jaa: mkubwa hutupiwa taka za kila namna, naye huzipokea. Hawakusema kwamba mkubwa ana haki ya kuwatupia taka walio chini yake. Sisi askari tumelelewa katika utii, na twajua kuwa amri ina mpaka. Afande aweza kumwamuru askari alinde lango usiku kucha. Hawezi kumtaka kimapenzi ndipo ampe likizo. Leo twautazama mpaka huo katika vyuo vikuu, ambako baadhi ya maofisa wenzetu, pamoja na watoto wetu, husomea shahada za juu.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hufundishwa na walimu wengi. Akikosana na mmoja, wapo wengine. Yule wa uzamili au uzamivu yumo mikononi mwa msimamizi mmoja au wawili. Msimamizi ndiye asomaye tasnifu na ndiye atiaye sahihi. Akiwa dhalimu hana haja ya kuinua mkono. Huifungia kazi ya mwanafunzi kabatini miezi mingi, humdhihaki mbele ya wenzake, humtumikisha nyumbani kwake, au humdai mwili wake. Mwanafunzi akihesabu miaka na karo aliyokwisha kutoa, hunyamaza.

Hapa kwetu Uganda jambo hili si hadithi ya mbali. Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922, kilikuwa na kanuni dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia tangu mwaka 2006. Hata hivyo, malalamiko yalizidi, na mwaka 2018 Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Barnabas Nawangwe, aliunda kamati ya uchunguzi chini ya mwanasheria Profesa Sylvia Tamale. Kamati ilikuta kwamba unyanyasaji umeenea. Baadaye chuo kiliteua watu 100, ambao miongoni mwao huchaguliwa wachunguzi wa kila shauri. Funzo ni wazi: kanuni isiyo na watu wa kuitekeleza ni bunduki isiyo na risasi.

Tusichanganye ukali na uonevu. Msimamizi akiikataa sura dhaifu na kueleza kasoro zake, ametimiza wajibu. Marekebisho huilenga kazi. Uonevu humlenga mtu. Naye mshitakiwa astahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Anayeonewa na aandike tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na majina ya mashahidi, tena siku ile ile. Atunze barua na ujumbe wa simu. Mwenzake aliyeshuhudia asijifanye hakuona, kwa maana mlinzi anyamazaye adui akipita amekwisha mfungulia lango.

Nasi wenye sare tuna sehemu yetu. Mlalamikaji afikapo kituoni, huenda amepiga moyo konde kwa miezi kadhaa ndipo akaja. Askari wa zamu asimwulize alivaa nini, wala asimwambie arudi akayamalize na mwalimu wake. Ampe kiti, afungue kitabu cha matukio, aandike. Na wale miongoni mwetu tunaofundisha makuruta na maofisa wanafunzi, tujiulize kwanza sisi wenyewe: aliye chini yetu akionewa, anaye wa kumwambia pasipo kuogopa?