Mtoto aliyerudishwa akilia: hadithi ya kusoma pamoja na vijana



Katika toleo hili tunapenda kuongea juu ya kitabu cha vijana kinachohusu watoto waliotekwa vitani. Kinaitwa The Light in the Forest, na kiliandikwa na Mmarekani Conrad Richter mwaka 1953. Hadithi ni ya kubuni, lakini vita vyenyewe vilikuwa vya kweli.

Miaka ya 1750 na 1760, walowezi katika makoloni ya Uingereza huko Amerika Kaskazini walizidi kuingia katika ardhi ya wenyeji, kama Walenape na Washawnee. Pande zote mbili ziliua. Wenyeji waliteka pia watu, na watoto wengi kati ya mateka hao walipewa familia zilizofiwa, wakachukua nafasi ya marehemu. Mwaka 1764 Kanali Henry Bouquet aliongoza jeshi la Uingereza hadi mto Muskingum, akadai mateka wote warudishwe ili amani ipatikane. Zaidi ya 200 walikabidhiwa. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1765 inasema kwamba baadhi yao ilibidi wafungwe kamba. Hawakutaka kurudi.

Hapo ndipo Richter anapoanzia. True Son alitekwa akiwa na miaka minne. Sasa ana miaka 15, na baba anayemjua ni Cuyloga, Mlenape. Anapelekwa Pennsylvania kwa wazazi waliomzaa. Lugha yao ameisahau, nguo zao hazitaki. Ndugu mmoja wa ukoo anamchukia waziwazi. Huyo ni mmoja wa kundi ambalo, mwaka 1763, liliua Waconestoga 20 wasio na hatia, wakiwemo watoto. Anayempokea kwa moyo mweupe ni mdogo wake tu, Gordie, ambaye hajawahi kumwona.

Sisi tunaoishi na vita vya mashariki mwa Congo tunaelewa haraka. Mara nyingi tunadhani mtoto akishatoka msituni kazi imekwisha: karatasi imetiwa sahihi, mama amelia kwa furaha, wageni wameondoka. Kumbe wiki ya pili majirani wanaanza kumwita muuaji, na yeye analala nje kwa sababu ndani ya nyumba hapumui. Kanuni za Paris za mwaka 2007 zinataka mtoto wa namna hiyo ahesabiwe kwanza kuwa aliyetendewa uovu. Hilo ni rahisi kulisema kuliko kulitenda, hasa kwa familia iliyopoteza watu wake.

Hatusemi kwamba makundi yenye silaha ni sawa na familia ya Cuyloga. Wanaompa mtoto bunduki hawamlei. Lakini hata huko anaweza kuwa amempata mtu aliyemgawia chakula, na akimkumbuka mtu huyo tusimpige.

Kitabu hakifichi ubaya wa upande wowote. Karibu na mwisho, True Son anagundua kwamba watu wake wa msituni nao wameua mtoto. Kwa hiyo tunashauri kisomwe na vijana wa miaka 12 na zaidi, mtu mzima akiwepo. Someni hadi pale anapofika nyumbani, kisha fungeni kitabu na kuwauliza vijana: ungekuwa Gordie, ungemwambia nini usiku wa kwanza? Wapeni muda. Yule aliyewahi kutekwa asilazimishwe kujibu.