Bei ya Mwisho Ngapi?

Wazee wetu walipokwenda Marikiti hapa Mombasa, hawakuanza kwa bei. Walianza kwa salamu, wakaulizana hali za nyumbani, ndipo mnunuzi akakishika kitu, akakigeuza, akauliza kana kwamba hana haja nacho: "Hiki wakiuzaje?" Muuzaji akataja bei ambayo wote wawili walijua kuwa siyo. Mnunuzi akacheka, akataja yake, nayo pia siyo. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Na aliyefika asubuhi mapema aliombwa afungue biashara, akapunguziwa kuliko wenziwe, kwani mteja wa kwanza akienda mikono mitupu siku nzima huharibika.

Nayataja haya kwa kuwa soko hilo limehamia simuni, na wengi wetu tumehama nalo tukaziacha adabu zake pale mlangoni. Facebook ilifungua soko lake mwaka 2016. Mwaka 2019 Jiji ikainunua OLX hapa Kenya na katika nchi nyingine nne za Afrika. Kina mama wasiokuwa na duka wala kibanda huweka picha za mabuibui, udi na mikoba katika WhatsApp, na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imekuwa ndio mfuko wa soko lote hilo. Si jambo baya hata kidogo. Mwanamke wa Faza leo aweza kumuuzia mtu wa Nairobi bila ya kupitia kwa mchuuzi anayekula nusu ya faida.

Lakini sikilizeni mazungumzo yake. "Bado ipo?" "Ipo." "Bei ya mwisho ngapi?" Basi. Salamu hakuna, dua hakuna, na bei ya kwanza haijatajwa ila mtu keshataka ya mwisho! Wauzaji nao wana lao. Huweka picha pasi na bei, wakamtaka mteja aulize faraghani, naye mteja akabaki na shaka kuwa bei itapimwa kwa picha yake na mtaa anaokaa. Shaka hiyo si ngeni, kwani hata Marikiti muuzaji alikuwa akitazama viatu vyako kabla hajafungua kinywa. Tofauti ni kwamba nawe ulikuwa ukimtazama yeye.

Tena katika soko la zamani kuondoka kulikuwa ni hoja. Mnunuzi aligeuka, akatembea polepole, sikio liko nyuma, akingojea kuitwa. Katika simu hakuna pa kutembea. Kuna zile alama mbili za samawati zinazoonyesha kuwa ujumbe umesomwa, kisha kimya. Kimya hicho huenda ni hasira, huenda ni hesabu, huenda mtu yuko jikoni ameshika mwiko. Wengi huvunja mapatano mazuri kwa kukisoma vibaya.

Mpwa wangu alipokaribia kuoa, nilipewa kazi ya kumtafutia kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono. Nikaiona moja katika picha iliyopita mikononi mwa watu wengi, mshonaji yuko Lamu, nambari yake iko chini. Nikamtolea salamu, akaitikia, akasema 6,500. Nikamwandikia, "Dadangu, nina 4,000 taslimu." Alama za samawati zikatokea. Kimya. Saa mbili zikapita.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Alisema kwa upole kabisa: "Kakangu, kofia hiyo nimeishona miezi mitatu, na macho yangu yamo humo ndani. Ukisema elfu nne wanilipa kitambaa na uzi. Mkono wautaka bure."

Sauti ile ilifanya lisilofanywa na maandishi, kwani sasa palikuwa na mtu. Mwenye kuijua kofia ya vito anajua kuwa kila kitobo hutobolewa kwa sindano kisha kikazungushiwa uzi, kimoja kimoja, mpaka ua likatimia. Nikapanda hadi 5,000, naye akashuka hadi 5,500. Nikaandika, "Basi na iwe hiyo, nusu nakutumia sasa, nusu nikiipokea na kuitazama." Jibu lake halikuwa neno. Alinipelekea ile alama ya kidole gumba kilichosimama.

Kofia ilipofika, ikageuzwa ndani nje na wazee wa nyumbani na kusifiwa, nilimpigia kumshukuru. Hapo ndipo aliponieleza kuwa, siku moja baada yetu kupatana, mtu mwingine aliiona picha ile ile na kumwambia kuwa atamtumia 7,000 wakati huo huo, bila ya kuomba kupunguziwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Ningekwambia iwe nini? Kidole nilikuwa nishakupa."

Mwanamke yule aliziacha shilingi 1,500 kwa ajili ya alama ya kidole, na wako wengi ambao wasingeziacha. Wangesema kuwa kidole si neno, na nusu ya fedha wangeirudisha kwa M-Pesa pamoja na samahani ndefu.

Je, sheria yasemaje? Sisi wa pwani wengi wetu ni Mashafii, na Imamu Nawawi katika Minhaj ameipa nguvu kauli ya kuwa kitu kisichokuwapo wala kuonwa hakiuziki. Abu Hanifa ameruhusu, na mnunuzi akapewa hiari akishakiona. Picha ya simu haigeuziki, nayo kofia ya mkono hujulikana na ya cherehani kwa kugeuzwa. Ndiyo maana watu waangalifu huyafanya mapatano ya simuni kuwa ni ahadi, na biashara yenyewe ikafungwa mali ikishaonwa. Lakini ahadi nayo ni deni, ajapokuwa mwenye kuivunja hashtakiwi.

Halafu kuna hiari ya kikao. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mnunuzi na muuzaji kila mmoja ana nafasi ya kurudi nyuma maadamu hawajaachana. Kikao cha WhatsApp kinakwisha lini? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah mwezi wa Machi 1990 na kuyazungumza haya, wakati mitambo yenyewe ilikuwa ni simu, teleksi na faksi. Likaamua kuwa wasioonana wala kusikiana, wakiandikiana, biashara yao hufungika pale kauli ya mmoja inapomfikia mwenziwe naye akaikubali. Wenye kusemezana kwa simu wao ni kama wako mahali pamoja. Tena mwenye kutoa bei akaiwekea muda, haruhusiwi kuiondoa kabla ya muda huo kwisha. Kwa maoni yangu WhatsApp ni barua iendayo mbio, na hukumu yake ni hiyo ya maandishi.

Ama yule aliyetoa 7,000, huenda hakujua kuwa kofia imeshapatanwa, basi hana lawama. Mwenye kujua kisha akapandisha ameingia katika lile alilolikataza Mtume (s.a.w.), la mtu kuingilia biashara ya nduguye. Na liko jingine lililokatazwa, ambalo mtandaoni limekuwa kama pilipili katika chakula, nalo ni najshi: kuweka mtu wa kujifanya mnunuzi ili bei ipande. Kila tunaposomewa kuwa "kuna mteja mwingine keshatoa zaidi", na mteja huyo hayupo, ni najshi ile ile imevaa nguo mpya.

Msidhani kuwa kidole ni mchezo wa watoto. Nchini Kanada, mkulima mmoja wa jimbo la Saskatchewan alipelekewa kwa simu picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani, naye akajibu kwa alama hiyo hiyo. Bei sokoni ikapanda, mbegu hazikuletwa. Mkulima akadai kuwa alikusudia tu kusema ameupata ujumbe. Mwaka 2023 mahakama ikaamua kuwa kidole kile ni kukubali, ikamtoza zaidi ya dola 82,000 za huko. Alikata rufani na mwaka 2024 akashindwa tena.

Hapa kwetu mwenye kudhulumiwa katika mauziano haendi kwa kadhi, kwa kuwa Katiba ya 2010 imemwachia kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Iko mahakama ya madai madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Nani lakini atakayepanda gari kutoka Mokowe kwa ajili ya kofia?

Nasikia yule dada sasa huweka bei yake chini ya kila picha, na pamoja nayo picha ya pili ya kofia iliyogeuzwa. Bado hupunguza kwa anayemtolea salamu. Ila ukiingia mwezi wa Mfungo Sita, wageni wa Maulidi wanapoteremka Lamu, hata salamu ikiwa ndefu namna gani, hapunguzi hata ndururu.