Bei za Mafuta na Usomaji wa Kiingereza

Mwanafunzi wa Tanzania aliyemaliza darasa la saba katika shule ya serikali, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiswahili, huingia kidato cha kwanza na kukuta vitabu vya fizikia, jiografia na historia vimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hadi wakati huo alikuwa akiisoma kama somo moja tu miongoni mwa mengine. Vitabu vya kiada peke yake havitoshi kuliziba pengo hilo, kwa sababu stadi ya kusoma hukua kwa kusoma sana, na magazeti ndiyo yanayotoa maandishi mapya kila siku kuhusu mambo yanayomgusa msomaji mwenyewe.

Hata hivyo, gazeti la Kiingereza si jepesi kama linavyodhaniwa. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati kutoka New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili kuelewa gazeti au riwaya bila msaada, msomaji anahitaji kujua takriban familia 8,000 hadi 9,000 za maneno, yaani neno la msingi pamoja na maumbo yatokanayo nalo. Ndiyo maana anayefungua ukurasa wowote na kupekua kamusi kila mstari huchoka kabla ya kufika aya ya tatu. Sauti ya Amerika ilipoanzisha matangazo ya Kiingereza rahisi mwaka 1959, ilijiwekea msamiati wa maneno yapatayo 1,500 tu, sentensi fupi na kasi ndogo ya usomaji.

Ipo njia nyingine isiyohitaji habari zilizorahisishwa, nayo ni kufuatilia mada moja kwa muda mrefu. Mwanaisimu wa Marekani, Stephen Krashen, aliitetea mwaka 1981 kwa hoja kwamba kila mada ina maneno yake, na maneno hayo hujirudia. Afrika Mashariki ina mada inayofaa mno kwa kazi hiyo: bei za mafuta. Nchini Tanzania, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo zinazoanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na nchini Kenya mamlaka kama hiyo, EPRA, hutangaza zake katikati ya mwezi. Kila mara habari hurudi na mambo yale yale: petroli, dizeli, mafuta ya taa, bei ya rejareja kwa lita, soko la dunia, thamani ya shilingi dhidi ya dola. Dereva wa bodaboda anayajua yote hayo vizuri kuliko walimu wengi. Anachokosa ni maneno ya Kiingereza tu.

Kwa hiyo inafaa habari isomwe kwanza kwa Kiswahili. Mwananchi na The Citizen hutolewa na kampuni moja, kama ilivyo kwa HabariLeo na Daily News, au Taifa Leo na Daily Nation, na kwa kawaida habari hizo huandikwa upya badala ya kutafsiriwa neno kwa neno. Msomaji huliendea gazeti la Kiingereza akiwa tayari anajua kilichotokea, na neno geni hulikisia kutokana na muktadha. Kumtaka mwanafunzi atafsiri kila sentensi, kama inavyofanyika madarasani, humwondolea faida hiyo, kwa kuwa macho yake hubaki kwenye neno na kuisahau habari.

Kinachohitaji kufundishwa waziwazi ni vichwa vya habari, kwa sababu vina sarufi yao. Kichwa kisemacho “Fuel prices drop” kina kitenzi cha wakati uliopo ingawa bei zimekwisha kushuka, na “Fuel prices to rise” hueleza jambo lijalo kwa kutumia “to” peke yake. Aya ya kwanza huyafafanua hayo mara moja, maana mwandishi wa habari hutanguliza jambo kuu na kuacha maelezo madogo yaje mwishoni. Msomaji aliyeelewa aya tatu za mwanzo anaweza kuishia hapo bila kupoteza kiini.

Mwezi Juni, bajeti za serikali zinaposomwa Dodoma na Nairobi, maneno ya kodi, tozo na ruzuku ambayo msomaji ameyazoea kwenye habari za mafuta hutokea tena katika habari ndefu na ngumu zaidi, na huo ndio wakati mzuri wa kuhamia mada ya pili.