Je, Wajua? Kimeo Hakina Kesi

Mtoto wa miaka miwili akikohoa hadi wiki ya tatu, na kikohozi chenyewe kikawa kile cha kuamsha nyumba nzima saa nane za usiku, jirani wa kutoa hukumu hakosekani. Mtoto anapakatwa, ulimi unakandamizwa kwa mpini wa kijiko, tochi ya simu inamulikwa kooni. Kile pale! Chekundu, kimevimba, ncha yake imelalia ulimi. "Mwanangu, huyu ana kimeo. Utamaliza maduka ya dawa bure, mpeleke kwa mzee akamkate." Uchunguzi umekwisha, na haukuchukua hata dakika moja.

Kosa la kwanza la kimeo, basi, ni kukaa mahali panapoonekana. Wahusika wenyewe wamejificha nyuma ya pua na chini ya koromeo, ambako tochi ya simu haifiki.

Kimeo, au kilimi kama wengine wanavyokiita, si ugonjwa wala uvimbe. Kila mtu huzaliwa nacho. La ajabu ni kwamba wanyama karibu wote hawana. Madaktari wa koo waliwahi kuchapisha matokeo ya kupasua makaakaa ya wanyama wanane tofauti wakikitafuta. Walikikuta kwa nyani peke yake, tena kidogo, kama kilichoanza kuota kikaghairi. Walipokitazama cha binadamu kwa hadubini, waliona nyama iliyojaa tezi za mate, na kutoka kwenye tezi hizo vijifereji vipana vya kumwagia nje. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kijinyama hiki kinaweza kutoa mate mengi kwa muda mfupi, na kwamba huenda kazi yake kubwa ni kulainisha koo la kiumbe anayeongea mchana kutwa.

Hebu fikiria maana yake. Anayesoma taarifa ya habari, anayetangaza mpira, muuza samaki anayenadi tangu alfajiri, wote wanapitisha hewa kavu mdomoni bila kukoma, na juu ya njia hiyo hiyo pananing'inia kitu kinachodondosha unyevu taratibu pasipo mtu kukikumbuka. Ushahidi mwingine ulitoka kwa wakoromaji. Tangu mwaka 1981 upasuaji wa kukata kimeo na sehemu ya kaakaa laini ili kupunguza kukoroma ulienea Marekani na kwingineko, na miongoni mwa malalamiko ya waliofanyiwa ni koo kukauka na kuhisi kama kuna kitu kimekwama, hata mate wakimeza hakiondoki. Kiungo kinachodaiwa kukereketa koo ndicho kumbe kinacholinda koo lisikerekete.

Ndani yake pia kuna msuli mdogo. Mtu anapomeza, msuli huo hujikunja, kimeo kikafupika na kunenepa, na kaakaa laini likapanda kuziba njia ya pua. Bila kuziba vizuri, uji hutokea puani. Baadhi ya watoto waliokatwa kwa pupa, nyama ya kaakaa ikaenda pamoja na kimeo, huishi na shida hiyo, na sauti zao hutokea puani kama za wenye mafua.

Turudi kwenye shtaka. Inadaiwa kuwa kimeo kikirefuka hugusa ulimi na kumtekenya mtoto mpaka akohoe. Mwili haukuungwa hivyo. Sehemu ile ya nyuma ya mdomo inahudumiwa na neva ya tisa ya kichwani, na ukiigusa jibu lake ni kichefuchefu. Kila aliyewahi kusukuma mswaki mbali mno anajua. Kikohozi kinaongozwa na neva ya kumi, ambayo vitambuzi vyake vimetandazwa kwenye koromeo, bomba la hewa na pale bomba linapogawanyika kuelekea mapafuni. Kimeo kikimkera mtoto, basi atajisikia kutapika. Wapo wagonjwa wachache sana ambao kimeo chao ni kirefu kweli na hugusa koromeo wakilala chali, nao hupimwa na daktari wa masikio, pua na koo. Hao si nusu ya watoto wa mtaa. Tena mdomo wa mtoto mdogo ni mfupi na kila kitu kimo karibu karibu, kwa hiyo ncha ya kimeo kukaribia ulimi ni kawaida. Na wekundu ule? Mafua yameukumba ukuta wote wa koo, kimeo kikiwemo, na kukohoa usiku kucha kumekiongezea uvimbe. Kimeo ni majeruhi.

Anayekohoza usiku, mara nyingi, ni kamasi. Mchana mtoto anakimbia, kamasi inatiririka mbele na kupanguswa kwa kiganja au gauni la mama. Akilala inageuza njia na kuteleza nyuma kuelekea koromeo, kwenye vitambuzi vile vya neva ya kumi. Mtoto wa umri huu hajui kupenga wala kutema makohozi. Anachoweza ni kumeza, na tumbo likishajaa utelezi, saa tisa usiku anautapika wote kitandani, kisha analala fofofo. Wazazi hutishwa sana na tapiko hilo, ingawa mara nyingi ndilo linalomletea nafuu. Kwenye usingizi mzito mwili huzima kikohozi kwa kiasi kikubwa. Kinachosikika ni cha saa ya kusinzia na zile nyakati usingizi unapokuwa mwepesi. Mtoto mwenye pumu huzidiwa kuelekea alfajiri, na huyo mara nyingi mlio wa filimbi kifuani humtambulisha.

Mbona basi waliokatwa hupona? Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu muda wa maradhi ya njia ya hewa kwa watoto. Nusu ya watoto hupona kikohozi kufikia siku ya 10, na asilimia 90 kufikia siku ya 25. Sasa piga hesabu. Familia huvumilia wiki moja, hununua dawa ya maji wiki ya pili, na kuamua kukata wiki ya tatu. Siku chache baadaye kikohozi kinakwisha, maana kilikuwa kinakwisha. Mkataji anapata sifa, na jirani anapata ushahidi wa kumpa mama mwingine. Mtoto mdogo hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, kwa hiyo mengine hufuatana bila nafasi, na wateja hawamwishii mzee.

Bei ya kukata ni damu. Mtoto huimeza pasipo mtu kuona, akafikishwa hospitali amepauka. Kuna usaha wa koo na shingo, kuna pepopunda, kuna wembe mmoja uliopita vinywani mwa watoto kadhaa siku hiyo hiyo, pamoja na hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B. Mbaya kuliko yote ni siku zinazopotea, maana mtoto mwenye nimonia au kifua kikuu amekatwa kimeo na familia inasubiri nafuu.

Wala huu si ujinga wa kijijini, kama wasomi wengine wanavyopenda kusema. Hippocrates wa Ugiriki ya kale alishaonya kuhusu hatari ya kukata kimeo kilichovimba na kuwa chekundu. Miaka ya 1840 jijini London, daktari James Yearsley alikuwa akiwakata watu vimeo na tonsili kutibu kigugumizi. Wanzamai, yaani vinyozi wa jadi wa Kihausa huko Nigeria na Niger, hukata vya watoto wachanga, mara nyingi siku ya saba. Lawama kubwa zaidi iende kwenye zahanati zetu. Mama amepanga foleni tangu asubuhi, anaondoka na antibaiotiki isiyoua kirusi cha mafua, na hakuna aliyemwambia neno dogo kwamba kikohozi cha mafua kinaweza kufika wiki tatu. Kisichoelezwa hospitali kitaelezwa mtaani.

Dawa za maji za dukani nazo zisikimbiliwe. Marekani ilionya mwaka 2008 kwamba za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti zisitumike kwa watoto chini ya miaka miwili, na Uingereza mwaka uliofuata ikasema chini ya sita. Halafu ikaja Gambia. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kazi, na Oktoba 5 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizokutwa na sumu za viwandani, dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli.

Asali imejitetea vizuri zaidi. Utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 2012 uliwapa watoto 300 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano gramu 10 za asali au za sharubati ya tende nusu saa kabla ya kulala. Wa asali walikohoa kidogo zaidi, na wazazi wao wakalala. Gramu 10 ni kama vijiko viwili vya chai visivyojaa. Asiyetimiza mwaka asipewe hata tone, kwa sababu asali inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli ya mtoto mchanga. Na iwe asali kweli, kwa maana baadhi ya chupa za barabarani huwa ni sukari iliyochemshwa. Ya Tabora inatoka kwenye miombo, miti ile ile inayokatwa kila siku kwa ajili ya mkaa, na mkaa huo unaingizwa kwenye chumba alimolala mtoto anayekohoa.

Moshi ndio wa kuanza nao. Jiko litoke nje. Dawa ya mbu ya kuwasha itoke pia: utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba chembe laini zinazotoka kwenye duara moja zinaweza kulingana na za sigara 75 hadi 137. Chandarua hakina moshi. Puani, matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa maalumu, kisha kamasi ivutwe kabla ya kulala. Maji au maziwa ya kunywa ya kutosha. Basi.

Yapo mambo yasiyongoja asali. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anayevuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayebonyea chini ya mbavu kila akivuta, anayekoroma kwa kukwaruza akiwa macho, aliyebadilika midomo ikawa ya bluu, au anayeshindwa kunywa, apelekwe hospitali usiku huo huo. Kikohozi cha wiki mbili chenye homa au kukonda kipimwe kifua kikuu. Na kikohozi kilichoanza ghafla mtoto akitafuna karanga huku anacheka ni karanga hiyo hiyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Punje hushuka, aghalabu kwenye mrija wa kulia, na inaweza kukaa humo wiki nyingi ikiitwa nimonia isiyopona.

Kazi nyingine za kimeo, kwa haraka: huwasaidia Wafaransa kutamka R yao, wanafunzi wa tajwidi (kanuni za kusoma Kurani) hufundishwa kuitafuta herufi qaf huko huko kilipo, kikisukumwa upande mmoja humwambia daktari kwamba kuna jipu nyuma ya tonsili ya upande wa pili, kilichogawanyika ncha mbili, kama kinavyokuwa kwa takriban watu wawili katika kila mia, humfanya achunguze kama kaakaa lina ufa uliofichwa chini ya ngozi, na tangu mwaka 1985 madaktari wa usingizi humwambia mgonjwa afumbue mdomo na kutoa ulimi, wakatazama kimeo kinaonekana kiasi gani, ili wakadirie kama kumwingiza mpira wa kupumulia kutakuwa kazi nyepesi au ngumu.