Sura ya Saba: Zoni Zikijaa

Paneli nyingi za king'ora cha wizi hutoka kiwandani zikiwa na zoni nane kwenye bodi. Nyumba ya familia inatosheka nazo. Jengo la ofisi la ghorofa tatu, lenye maduka chini na stoo nyuma, huzimaliza kabla fundi hajapanda ngazi ya kwanza. Hapo ndipo baadhi ya mafundi huanza kubana: milango mitano ya ghorofa ya pili inaungwa kwenye zoni moja, kazi inakabidhiwa, na siku king'ora kikilia saa nane usiku mlinzi anaambiwa tu kwamba kuna kitu ghorofa ya pili. Wapi hasa? Atazunguka na tochi hadi akijue mwenyewe. Moduli za upanuzi zimetengenezwa ili mlango mmoja uwe na zoni yake moja na jina lake moja.

Nitaeleza kwa kutumia paneli ya DSC PC1864, kwa kuwa mpangilio wake unaonekana kwa macho. Bodi ina zoni 8 na mfumo mzima unafika 64. Moduli yake ya zoni, PC5108, huongeza nane kwa mara moja. Pembeni mwa bodi ya moduli kuna jampa tatu ndogo, J1, J2 na J3, na hizo ndizo zinazoiambia paneli moduli hii inashika zoni zipi. Zote zikiwa mahali pake, zoni za moduli zimezimwa. Ukichomoa J1 peke yake, moduli inashika zoni ya 9 hadi ya 16. Ukichomoa J2 peke yake, ya 17 hadi ya 24. Jampa tatu hutoa mipangilio minane: mmoja wa kuzima, saba wa kazi. Saba mara nane ni 56, ongeza nane za bodi, unapata 64. Moduli mbili zisipewe mpangilio mmoja. Paneli nyingine, kama Paradox EVO192, hazitumii jampa. Humtambua kila mwanachama wa mfumo kwa namba yake ya kiwandani. Basi iandike namba hiyo kwenye daftari kabla hujafunika kisanduku.

Kuunganisha kwenyewe si kazi kubwa. Zima umeme, chomoa betri, kisha unga nyaya nne: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, njano na kijani hubeba mawasiliano. Unaweza kuzitoa moja kwa moja kwenye paneli, kuzipitisha kutoka moduli hadi moduli, au kuzichepusha katikati ya njia. Zitenge na nyaya za umeme wa nyumba, zisilale nazo bomba moja. Ukirudisha umeme, paneli huzitafuta moduli zenyewe kwa muda wa kama dakika moja. Kifungu cha 903 cha kupangia paneli kitakuonyesha zilizoonekana. Ukiondoa moduli baadaye, ingia kifungu cha 902 paneli ihesabu upya, la sivyo itaendelea kulalamika kwamba mwenzake amepotea.

Kinachoangusha kazi hii ni umeme. Kijitabu cha DSC kinasema moduli isizidi mita 305 kutoka kwenye paneli, na wengi wakisoma hivyo hupumua. Mawasiliano kweli yatafika. Lakini sensa hazili mawasiliano. Chukua kebo ya king'ora iliyozoeleka, yenye waya wa milimita za mraba 0.22. Mita 100 za waya huo zina ukinzani wa karibu omu 8, na kwa kuwa mkondo unakwenda na kurudi, hesabu omu 16. Ghorofa ya juu ikivuta miliampea 200, volti 3.2 zimeishia njiani. Umeme ukiwepo, paneli inatoa volti 13.8 na huko juu zinafika 10.6, kila kitu kinafanya kazi na mteja anafurahi. Umeme ukikatika, betri ikashuka hadi 12, zinafika 8.8, na sensa nyingi zinahitaji 9 au zaidi. Zitaanza kulia ovyo au zitanyamaza. Mwizi anayeijua mitaa yetu husubiri giza hilohilo.

Kwa hiyo shika kalamu kabla ya bisibisi. PC1864 inaweza kugawa miliampea 700 tu kwa vitu vyote inavyovilisha. Moduli tatu kwa miliampea 30 ni 90. Sensa za mwendo 24 kwa miliampea 15 ni 360. Vibao vitatu vya kubonyezea namba, kila kimoja kikivuta hadi 125, ni 375. Jumla 825. Umeshapita, na king'ora chenyewe hujakigusa. Dawa yake ni moduli ya umeme, kama PC5204, inayotoa ampea moja ikiwa na transfoma na betri yake, na ifungwe kwenye ghorofa inayohitaji, siyo chini kando ya paneli. Nyaya hasi za vyanzo hivyo viwili ziwe pamoja. Chanya zao zisikutane kamwe. Betri nayo ina kikomo: ya ampea-saa 7 ikibebeshwa miliampea 700 itadumu kwa muda wa saa kumi kwenye karatasi, na pungufu ya hapo kwenye jengo.

Jambo jingine ni rezista ya mwisho wa njia, omu 5,600 kwa DSC. Iitwavyo ndivyo inavyopaswa kuwa: mwishoni, ndani ya sensa. Nimefungua visanduku vingi vya moduli nikakuta rezista nane zimepangwa safi kwenye skrubu, kwa sababu ni rahisi kuzifunga ukiwa umesimama mahali pamoja. Zikikaa hapo, mtu akizibana pamoja nyaya mbili zinazokwenda mlangoni, moduli itaendelea kuona omu 5,600 na kuamini mlango umefungwa. Kulijua ni rahisi: chomoa nyaya za zoni kwenye moduli, weka mita, kisha mwenzako azigusanishe kule kwenye sensa. Mita ikishuka karibu na sifuri ilhali mwanzo ilisoma 5,600, rezista iko mwishoni. Ikisoma karibu na sifuri tangu mwanzo, mlango ukiwa umefungwa, huko mwishoni hakuna rezista.

Na wewe mwenye jengo, siku ya makabidhiano mwambie fundi azime swichi kuu, asubiri kwa muda wa saa nne, kisha afungue mlango wa mbali kuliko yote. King'ora kisipolia, au kibao kisipotaja mlango huo kwa jina, usisaini.