Ngwai Si Kitu Moja: Hii Ndio Tofauti ya THC, CBD na Wenzao Wakiingia Kwa Mwili Wako

Wasee, leo tuongee ukweli bila kuogopana. Uite bangi, ngwai, ndom ama njaga vile watu wa Migori na Homa Bay husema, mmea ni ule ule. Lakini beste yako akisema "hii kitu hutibu," na mathe wako aseme "hii kitu imeharibu vijana kichwa," wote wawili wanaweza kuwa sawa. Ni vile tu hawaongelei kemikali moja.

Ndani ya huo mmea kuna kemikali zaidi ya mia moja za familia inaitwa kanabinoidi. Moja inakupandisha. Ingine haikupandishi hata kidogo lakini imekuwa dawa ya hospitali. Na ukichanganya hizo mbili, mtu anaweza kuumia, haswa mtoi mgonjwa. Hapo ndio stori yetu iko.

Unakumbuka 2022? George Wajackoyah alizunguka Kenya akisema bangi italipa deni la nchi. Watu walicheka, wakadensi, halafu kwa debe akapata kura 61,969. Kura zikaisha, lakini maneno ya "bangi ni dawa" yakabaki mtaani. Sawa, dawa. Swali ni: dawa gani, ya ugonjwa gani, na kiasi gani?

Mwili wako uko na kufuli zake

Huhitaji digrii ya kemia kuelewa hii. Mwaka wa 1964, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israel walifanikiwa kuitoa THC ikiwa safi na kuonyesha vile imeundwa. Ilichukua hadi 1988 kwa wanasayansi wa Marekani kupata kufuli ambayo THC hufungua kwa ubongo. Inaitwa CB1. Halafu 1992 ikajulikana kuwa mwili wenyewe hutengeneza funguo yake ya asili, wakaiita anandamidi, kutoka neno la Kisanskriti la raha.

Kufuli za CB1 ziko nyingi kwa sehemu za ubongo zinazoshika kumbukumbu, balansi, hamu ya kula na hesabu ya muda. Ndio maana msee akivuta anasahau alikuwa anasema nini, anaskia njaa kama hajakula tangu juzi, na dakika tano zinakuwa kama saa nzima. Kwa sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, kufuli hizo ni chache. Hiyo ndio sababu bangi kwa mtu mzima haisimamishi pumzi vile heroini hufanya. Lakini usijidanganye: mtoi mdogo akiila, pumzi inaweza kushuka vibaya. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

THCA na THC: moto ndio hubadilisha mchezo

Hii wengi hawajui. Bangi mbichi shambani haina THC nyingi. Iko na THCA, na hiyo haikupi stimu. Ukiwasha, moto unaondoa kipande cha hiyo molekuli na inabaki THC. Ndio maana kutafuna majani mabichi na kuvuta si kitu moja.

Na ile chai ya bangi? THC haipendi maji, inapenda mafuta. Kwa maji matupu haitoki vizuri, lakini ukiweka maziwa ama siagi inabebwa. Kwa hivyo vikombe viwili vya chai, vya watu wawili tofauti, vinaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa na hakuna mtu atajua kwa kuangalia.

Kuvuta na kula: ini lako ndilo linaamua

Ukivuta, THC inafika kwa ubongo ndani ya dakika chache. Unajua mapema kama imetosha. Ukila kwa keki ama biskuti, lazima ipitie tumbo halafu ini. Ini linaigeuza kuwa kemikali ingine inaitwa 11-hidroksi-THC, na hiyo nayo ni kali na inaingia ubongo vizuri. Kufika inaweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili.

Sasa hapo ndio watu huchomeka. Msee anakula biskuti moja, anangoja dakika arobaini, anasema "hii ni feki," anaongeza mbili. Saa moja baadaye zote zinafika pamoja: moyo unadunda mbio, jasho, woga, mtu anaamini anakufa. Ikikupata, kaa chini mahali pametulia na mtu unayemwamini. Maumivu ya kifua, kuzimia ama degedege si mambo ya kungoja ipoe. Enda hospitali na uwaambie ukweli umekula nini, ju daktari anatafuta kukutibu, si kukushika.

CBD: huyu ndiye daktari alikuwa anaongelea

CBD hutoka kwa mmea huo huo lakini haifungui CB1 vile THC hufanya. Huwezi kupata stimu nayo. Na ndiyo iko na ushahidi mkubwa kwa ugonjwa mmoja: aina fulani za kifafa kikali cha watoto.

Utafiti uliochapishwa 2017 ulihusisha watoto na vijana 120 wenye kifafa kinaitwa Dravet. Kwa waliopewa CBD, kati yao wa katikati alitoka degedege 12 hivi kwa mwezi hadi 6 hivi. Mwaka uliofuata Marekani ikaidhinisha dawa inaitwa Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa.

Sasa skiza hesabu. Kwa utafiti huo, dozi ilikuwa miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoi wa kilo 20 anahitaji miligramu 400 kila siku. Ukiuziwa kachupa kadogo kameandikwa miligramu 300, hiyo yote haitoshi hata siku moja. Na hiyo ni kama lebo inasema ukweli.

Hii ndio inafaa kuwafikia wazazi wa Ndhiwa, Suba, Rongo na Nyatike. Ukiskia kwa redio ama TikTok kuwa "bangi inatibu kifafa," usimchemshie mtoi njaga. Bangi nyingi inayopita Migori hutoka upande wa Tarime, Tanzania, inavuka kupitia Isebania na njia za panya za Kuria. Bangi ya asili ya huku kwetu inajulikana kwa THC, si CBD. Gunia halina lebo. Kwa hivyo ungekuwa unampa mtoi mgonjwa ile kemikali ya kupandisha, na kumnyima ile iliyofanyiwa utafiti. Mbaya zaidi ni kama utamwachisha dawa zake. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege isiyokatika, na hiyo huua. Dawa za zamani kama fenobabitali na kabamazepini bado zinasaidia wagonjwa wengi, na bei yake si kama ya Epidiolex.

CBD pia hugombana na dawa zingine ju ini huzishughulikia kwa njia moja. Warfarini ya kuzuia damu kuganda na klobazamu ya kifafa ni mifano inayojulikana: zinapanda kwa damu kuliko daktari alivyopanga. Kama wewe uko kwa dawa za kila siku, ARV zikiwemo, uliza kwanza.

THC pia ni dawa, lakini angalia kipimo

Tusiionee THC. Mwaka wa 1985 Marekani iliidhinisha THC ya maabara, dronabinoli, kwa wagonjwa wa kansa wanaotapika ju ya kemotherapi. 1992 ikaongezwa kwa wagonjwa wa Ukimwi waliopoteza hamu ya kula na kukonda.

Lakini kidonge kidogo cha hiyo dawa kina miligramu 2.5. Chukua msokoto wa nusu gramu, na tuseme THC ni asilimia 10. Ndani mna miligramu 50. Si yote inafika kwa damu, ingine inapotea na moshi, lakini umeona vile kipimo cha daktari na cha mtaani haviko ligi moja.

Na hawa wengine?

CBN hutokea THC ikizeeka. Ndio maana bangi iliyokaa miezi kwa gunia inapoteza makali. Watu huisifu kwa usingizi, lakini ushahidi ni mdogo. CBG huwa kidogo sana kwa mmea uliokomaa, na utafiti wake kwa binadamu bado ni mchanga. Delta-8 ni binamu wa THC. Inakupandisha kwa upole kiasi, lakini ile ya madukani ng'ambo mara nyingi hutengenezwa kwa maabara kutoka CBD, na uchafu wa hiyo kazi unaweza kubaki ndani.

Inakuhusu vipi wewe?

Kama unaendesha boda kutoka Rongo hadi Homa Bay, unashuka shimo la dhahabu Macalder, ama unatoka Mbita usiku na boti kuvua omena, THC inachelewesha akili kujibu. Sekunde moja kwa hizo kazi ni maisha.

Kama una chini ya miaka 25, ubongo wako bado unajengwa. Utafiti wa 2019 uliofanywa Ulaya na Brazil ulipata kuwa wanaovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 kwenda juu walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kupata ugonjwa wa akili wa kuona na kuskia vitu visivyokuwepo, ukilinganisha na wasiowahi kuvuta. Kama kwenu kuna mtu aliwahi kuugua hivyo, hiyo kitu ni ya kuacha kabisa. Mama mjamzito pia: THC hupita hadi kwa mtoto.

Na sheria bado iko. Kwa marekebisho ya 2022, ukipatikana na bangi na korti ikubali ni ya kutumia mwenyewe, ni hadi miaka 5 jela ama faini hadi shilingi 100,000. Ukionekana unauza, hayo ni maji mengine kabisa. Tena THC hukaa kwa mafuta ya mwili: mvutaji wa kila siku anaweza kupatikana nayo kwa mkojo hata baada ya mwezi mzima, stimu ikiwa ilishaisha kitambo.

Kwa hivyo siku ingine mtu akikwambia "ngwai ni dawa" ama "ngwai ni sumu," usibishane. Muulize tu: THC ama CBD? Miligramu ngapi? Ya nani, na anatumia dawa gani zingine? Akikosa jibu, basi usimpe mtoi wako.